Mkondo A una nani, na mkondo D unafundishwa na nani

Nimefundisha hisabati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika shule ya sekondari ya kutwa iliyoko pembezoni mwa mji wa Morogoro, mojawapo ya shule za kata zilizojengwa kila mahali baada ya serikali kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004. Shule yetu ina darasa la wateule katika kila kidato, yaani mkondo mmoja ambao wanafunzi wake huchujwa kwa mtihani na kutengewa chumba chao. Kwenye ratiba darasa hilo linaitwa mkondo A; wanafunzi wenyewe huliita darasa la vipanga, na waliobaki hujiita vilaza, kwa utani ambao ukiusikiliza vizuri si utani. Mjadala kuhusu haki ya mpango huu nimeusikia katika ofisi ya walimu, katika vikao vya wazazi na hata ndani ya daladala, na karibu kila mara huzunguka maswali mawili: je, ni haki kuwatenga wenye uwezo, na je, ni haki kuwachelewesha kwa kuwachanganya na wengine? Baada ya kuishi ndani ya mpango wenyewe, naona maswali hayo yote mawili yanapita kando ya kile hasa kilichowafaidi na kuwaumiza watoto niliowafundisha.

Mimi mwenyewe nimenufaika na uteuzi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nilisoma shule ya msingi ya kijijini wilayani Kilosa, na matokeo ya darasa la saba yalinipeleka katika mojawapo ya shule za sekondari za vipaji maalumu. Kwa wasioufahamu mpangilio wetu, watahiniwa wenye alama za juu kabisa ndio hupangwa katika shule hizo, ambazo ni pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Wanaofuata hupangwa katika shule za ufundi na za bweni za kawaida, na walio wengi hubaki katika shule za kutwa za kata zao. Nilikuta maabara yenye vifaa, maktaba yenye vitabu vinavyoazimwa kweli, na mabinti ambao wakishindwa swali la jiometri jioni walilala nalo na kuliamkia. Sitamwelewa mtu atakayeniambia kwamba maisha yangu yangekuwa na haki zaidi kama ningenyimwa hayo.

Hata hivyo, nilichojifunza huko kuhusu kipaji ni tofauti na kile ambacho watu hudhani. Wenzangu waliotoka katika wilaya zenye shule chache na walimu haba waliingia kwa alama za chini kuliko zetu, kwa sababu nafasi ziligawanywa kwa kuangalia mahali mtoto alikotoka. Utaratibu huo una mizizi katika miaka ya 1970, serikali ilipoanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya ili nafasi zote zisichukuliwe na maeneo yaliyotangulia kupata shule za misheni. Kufika kidato cha tatu hakuna aliyeweza kutuambia kwa kutazama madaftari nani aliingia kwa alama ngapi. Shule ya Tabora, ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa shule za vipaji, katika miaka ya 1920 Waingereza waliikusudia watoto wa machifu. Julius Nyerere, aliyeingia pale mwaka 1937, alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kila zama imekuwa na namna yake ya kuamua ni mtoto gani anastahili mwalimu bora, na kila zama imekiita kipimo chake kuwa ni cha haki.

Shuleni kwetu darasa la wateule halikuanza kwa falsafa yoyote. Lilianza kwa hofu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa mabaya nchi nzima, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakipata daraja sifuri kabla ya serikali kuunda tume na matokeo kupangwa upya. Mwaka huohuo ulikuja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao pamoja na mambo mengine uliziweka shule katika makundi ya rangi: kijani, njano na nyekundu. Mkuu wa shule yetu wa wakati huo alikuwa akirudi kutoka vikao vya halmashauri akiwa amenyong'onyea, na siku moja mwalimu wa taaluma akaleta pendekezo ambalo shule jirani ilikuwa imelijaribu: tuwachuje wanafunzi wachache wanaoweza kupata daraja la kwanza na la pili, tuwape kila tulicho nacho, ili shule ipate majina ya kutaja. Hakuna aliyetaja neno haki katika kikao kile. Tulijadili madawati.

Pendekezo hilo lilikuwa na hoja ya kweli ndani yake, na hoja hiyo ilizidi kupata nguvu baada ya Januari 2016, serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne na watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wakaanza kuja shuleni, jambo ambalo nililifurahia na bado nalifurahia. Darasa la hisabati likawa na wanafunzi zaidi ya themanini. Mbele yangu walikaa watoto waliokwisha kutatua milinganyo kwenye tuisheni, na nyuma yao watoto wasioweza kugawanya mia tatu kwa kumi na mbili. Mwalimu aliye katika hali hiyo hufundisha mtoto wa katikati, na mtoto wa katikati hayupo. Ni wa kubuni tu, ili kipindi kiende. Wa mbele wanapiga miayo, wa nyuma wananakili ubaoni vitu wasivyovielewa kwa mwandiko mzuri sana. Anayesema kwamba kuchanganya watoto ni haki kwa asili yake, namwomba asimamie kipindi kimoja cha namna hiyo, hasa kile cha saa nane mchana chini ya bati.

Basi mchujo ukafanyika, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo mjadala wa kawaida hauyagusi. Mtihani ulitolewa mwezi Machi, baada ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kumaliza wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza. Ulikuwa na hisabati, Kiingereza na maarifa ya jumla ya sayansi, yote kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba ndiyo lugha ya kufundishia sekondari na hatuna budi kuizoea. Orodha ilipobandikwa, karibu watoto wote waliotoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza walikuwa ndani. Hawa hawakuwa wengi katika kata yetu. Walikuwa watoto wa wenye maduka, wa watumishi na wa baadhi ya walimu, waliokuja shule ya serikali kwa sababu ada ya sekondari binafsi iliwashinda wazazi wao. Waliotoka shule za msingi za serikali, ambako kila somo isipokuwa Kiingereza hufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, waliingia wachache.

Nilisahihisha karatasi za hisabati mwenyewe, na karatasi moja naikumbuka. Ilikuwa ya binti mmoja anayeishi upande wa mlimani, ambaye alijibu vizuri maswali yote ya tarakimu tupu na kuacha wazi maswali yote ya maneno. Swali mojawapo lilihusu shamba la mstatili lenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 40, linalozungushiwa uzio wenye nguzo kila baada ya mita 5. Siku iliyofuata nilimwita kwenye meza yangu, nikamsomea swali lilelile kwa Kiswahili. Hakuchukua kalamu. Alitazama dirishani, akasema upande mrefu una nguzo kumi na tatu na upande mfupi una tisa, jumla arobaini na nne, kisha akanyamaza kidogo na kuongeza, "Ila za kona nimezihesabu mara mbili, mwalimu. Nne zitoke." Nguzo arobaini. Nilipitia upya karatasi za waliochaguliwa: wengi waliojibu swali lile walitoa ishirini na mbili, kwa kuzihesabu pande mbili tu wakasahau kwamba shamba lina pande nne, au arobaini na nne, kwa kuzihesabu kona mara mbili. Walikuwa ndani ya mkondo A. Yeye alikuwa mkondo D.

Ningeweza kulipamba tukio hilo likawa hoja ya kufuta darasa la wateule, na wenzangu wawili walilitumia hivyo. Mimi lilinielekeza kwingine. Mchujo wetu ulipima nani alipata matayarisho na nani hakupata, halafu ukayaita matayarisho hayo kipaji. Kama tungewachanganya wote tena, binti yule angerudi kukaa miongoni mwa themanini, akinakili ubaoni pamoja na wengine. Angebaki bila kuonekana, tofauti ikiwa tu kwamba wengine nao wasingeonekana.

Jambo la pili lilijitokeza kwenye ratiba, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi. Walimu wa shahada katika hisabati na fizikia tulikuwa wachache, na sote tulipangwa mkondo A kwanza, kisha vipindi vilivyobaki ndivyo vikagawanywa. Mkondo A ulipata vipindi vya asubuhi, wakati akili bado ni mpya na mwalimu bado ana sauti. Maabara yetu, ambayo wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la kemikali, ilifunguliwa kwa ajili yao karibu peke yao, kwa sababu vifaa havikutosha. Vitabu vya kiada vilivyoletwa vilihesabiwa ili mkondo A upate kila mwanafunzi chake. Mikondo mingine ilitumia kitabu kimoja kwa dawati, na wakati mwingine kwa safu. Mkondo D ulifundishwa hisabati na kijana wa kujitolea, mwenye moyo mzuri na subira kuniliko, ambaye alikuwa amehitimu kidato cha sita akisubiri kuingia chuo. Ilipofika Oktoba aliondoka kwenda chuo, na mkondo D ukakaa bila mwalimu wa hisabati hadi muhula ukafungwa.

Sisi walimu tuliokuwa tunapangwa mkondo A hatukulalamika. Kufundisha watoto wanaokuuliza maswali ni raha, na matokeo yao huandikwa kwenye jina lako. Nawaambia vijana wanaoanza kazi kwamba mvuto huo upo, tena ni mkubwa, na kwamba hakuna mkuu wa shule anayeweza kuuzuia kwa hotuba. Lazima awe na utaratibu.

Swali lenyewe liliulizwa hatimaye na mzazi. Ilikuwa katika kikao cha wazazi cha mwisho wa mwaka, tulichokitarajia kiende kwa amani kwa kuwa mkondo A ulikuwa umefanya vizuri. Wazazi wawili watatu walisimama kupongeza, mmoja akasimama kulalamika kwamba mtoto wake amebaguliwa, na mjadala ukaanza kuelekea pale unapoelekea siku zote, huku wakisema watoto ni sawa na kule wakisema vidole havilingani. Ndipo akasimama fundi baiskeli ninayemfahamu kwa sura, mtu wa maneno machache. Akasema hana tatizo na mtoto wake kuwa mkondo D, kwa sababu hata nyumbani anamjua hana haraka ya kuelewa. Anachotaka kujua ni kwa nini mtoto asiye na haraka ya kuelewa ndiye apewe mwalimu anayeondoka mwezi wa kumi. Mkuu wa shule alijibu kwa kirefu juu ya ikama ya walimu. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akakaa. Hakujibiwa, na sote tulijua kwamba hakujibiwa.

Muda si mrefu baadaye, nikiwa nasoma shahada ya uzamili huku nafundisha, nilikutana na utafiti uliolijibu swali la fundi baiskeli vizuri kuliko sisi. Ulifanyika magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005, katika shule 121 za msingi, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2011 na wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Kila shule ilipewa mwalimu wa ziada wa mkataba, ili darasa la kwanza lililokuwa moja liwe mawili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa bila kuangalia uwezo. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa alama zao za mwanzo, nusu ya juu chumba kimoja na nusu ya chini chumba kingine. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto wa shule zilizogawanya kwa alama walikuwa mbele, na si wale wa chumba cha juu tu. Wa chumba cha chini nao walikuwa wamesonga, kwa sababu mwalimu wao aliweza hatimaye kufundisha kuanzia pale walipokuwa wamefikia.

Wanaopenda madarasa ya vipanga hukomea hapo wanapousimulia utafiti huo. Mimi nililishika jambo ambalo wengi hulipita: mwalimu yupi aingie chumba kipi liliamuliwa kwa kura. Hakuna mkuu wa shule aliyepata nafasi ya kumpeleka aliye bora kwa walio bora. Tena kila shule iliongezewa mwalimu; haikunyang'anya upande mmoja ili kuupa mwingine. Sisi tulichukua nusu ya kwanza ya wazo, yaani kuwagawanya watoto kwa alama, tukaiacha ile nusu iliyolifanya lifae. Nilisoma ukurasa ule nikiwa kwenye benchi la kituo cha daladala cha Msamvu, na daladala ikaniacha.

Kuhusu mchujo wenyewe nilipata mwanga kutoka mbali zaidi, katika Kaunti ya Broward, jimbo la Florida nchini Marekani. Huko shule za umma zina madarasa ya wenye vipawa, na kwa muda mrefu mtoto alipimwa endapo mwalimu au mzazi alimpendekeza. Mwaka 2005 kaunti hiyo iliamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa jaribio lisilotegemea lugha, la kutambua maumbo na mpangilio wake. Bila kushusha kiwango cha kufaulu, idadi ya watoto maskini, Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliofuzu iliongezeka sana. Watafiti David Card na Laura Giuliano waliandika matokeo hayo mwaka 2016. Watoto hao walikuwepo siku zote. Baadaye bajeti ilipokatwa na upimaji wa wote ukaachwa, pengo lilirudi. Mazingira yao si yetu, na sikuwa na mawazo ya kuleta majaribio ya Kimarekani katika kata yangu. Nilichokichukua ni kwamba namna ya kutafuta ndiyo inayoamua utampata nani.

Kwa hiyo tulipopata mkuu wa shule mpya, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi na asiyependa hotuba, niliwasilisha mapendekezo matatu. Karatasi ya hisabati ya mchujo iandikwe kwa lugha zote mbili, swali kwa swali, mwanafunzi achague. Mchujo usiwe wa mara moja. Urudiwe kila mwisho wa muhula, anayepanda apande na anayeshuka ashuke. Na walimu wapangiwe mikondo kwa kura ndani ya kila idara, mbele ya walimu wote, vipindi vya asubuhi navyo vizungushwe.

La kwanza lilipita kirahisi, ingawa mwalimu wa Kiingereza hakunisemesha kwa muda. Orodha iliyofuata ilikuwa na sura tofauti kabisa na ya awali. Waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza hawakutoweka, maana wengine walikuwa na uwezo kweli, lakini safari hii walikaa pamoja na watoto wa wauza mbogamboga, wa bodaboda na wa walinzi. Yule binti wa nguzo, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, aliingia kwa njia hiyo. Ningependa kuandika kwamba aling'ara katika kila somo, lakini haikuwa hivyo: katika upimaji wa kitaifa alipata A ya hisabati na D ya Kiingereza, na historia ilimtesa hadi mwisho. Hisabati peke yake haimvushi mtoto kizuizi cha lugha, na darasa la wateule halikuwa na dawa ya hilo.

La pili lilitushinda kwa namna ambayo sikuitazamia. Mlango wa kuingilia ulifunguka vizuri. Wa kutokea haukufunguka kabisa. Mwanafunzi wa kwanza aliyetakiwa kushuka alikuwa mvulana aliyeongoza mchujo wa Machi kisha akalegea, na mama yake alifika shuleni pamoja na diwani. Hakufoka. Alisema tu kwamba mtoto akirudishwa mkondo C atachekwa mtaani na hatakwenda tena shule, na akatuuliza nani kati yetu atabeba lawama hiyo. Hakuna aliyejitolea. Kuanzia hapo wanapanda bila mtu kushuka, na darasa lililokusudiwa watoto arobaini likafika sitini na ushee, mengine yakapungua. Kuna mwenzangu anayecheka kwamba tukiendelea hivi mkondo D utakwisha wenyewe kwa kukosa watu, na sijui kama ni mzaha.

Tulijaribu pia kuondoa herufi. Mikondo ikapewa majina ya miti, Mninga, Mvule, Mkangazi na Mpingo, ili mtoto asijitambulishe kwa daraja. Haikupita wiki kabla wanafunzi wote hawajajua mti upi ni wa nani, na kijana mmoja wa Mpingo akaniambia afadhali zamani, maana D ilikuwa herufi tu. Wakubwa nao hawako mbali na hapo. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora kitaifa, hatua niliyoiunga mkono, lakini matokeo yalipotoka watu walikaa na simu zao wakazipanga shule wenyewe.

Pendekezo la tatu, lile la kura, ndilo lililozua ugomvi mkubwa na ndilo lililoleta mabadiliko ninayoweza kuyaona kwa macho. Walimu wenye uzoefu walidai kwamba ni matumizi mabaya ya utaalamu kumpeleka mtu wa shahada ya fizikia kwa watoto ambao hawatachukua fizikia. Mkuu wa shule aliwajibu kwamba hajui ni nani hatachukua fizikia, kwa sababu wengi wao hawajawahi kufundishwa. Kura ikapigwa kwa vikaratasi ndani ya kopo la chaki. Mimi nikaangukia mkondo D wa kidato cha kwanza na mkondo B wa kidato cha tatu.

Mwaka ule wa mkondo D nilifanya kazi ngumu kuliko yote niliyowahi kuifanya. Nilianza na jedwali la kuzidisha na sehemu, vitu vya darasa la nne, kwa kuwa ndipo walipokuwa. Faida ya kuwa nao peke yao niliipata hapo: katika darasa mchanganyiko nisingethubutu kurudi nyuma kiasi hicho, wa mbele wangeasi. Kufika Agosti tulikuwa tunafanya aljebra rahisi, polepole, na wengi wakiifanya wenyewe bila kuchungulia. Hawakuwapita mkondo A, na sikutarajia wawapite. Ila idadi ya waliopata F ya hisabati katika mtihani wa mwisho wa mwaka ilipungua kiasi cha mwalimu wa taaluma kunitaka nilete karatasi azipitie upya, akidhani nimesahihisha kwa huruma. Alizipitia, akazirudisha mezani bila neno.

Mkondo A nao haukuanguka kwa kufundishwa na waliopangwa kwa kura. Watoto wenye uwezo waliokaa pamoja husukumana. Wakipata mwalimu wa wastani, wanamsukuma na yeye. Mwalimu mmoja kijana aliyeangukia kwao aliniambia kwamba alikuwa anaandaa somo hadi saa sita usiku kwa kuogopa maswali yao, na kwamba hakuna semina iliyowahi kumfunza kiasi hicho. Nadhani hili ndilo linalosahauliwa na wanaolilia walimu bora kwa walio bora: mtoto anayetambaa ndiye anayemhitaji zaidi mtu anayejua kushika mkono.

Mwaka huu hoja iliyo mezani ni kambi. Wazazi wa mkondo A wa kidato cha pili wamejitolea kuchanga ili watoto wao wabaki shuleni jioni na siku za Jumamosi kabla ya upimaji wa kitaifa, walimu walipwe posho na watoto wapate uji. Fedha ni zao, na siwezi kumlaumu mzazi kwa kumpenda mwanawe. Lakini walimu watakaolipwa ni walewale wa kura, na mwalimu anayelipwa jioni kwa ajili ya A ana sababu ya kujiwekea nguvu anapofundisha D asubuhi. Nimependekeza kambi iwe ya mikondo yote minne au isiwepo, na wazazi wawili wamekwisha kuniambia kwamba nina wivu. Bodi imeahirisha uamuzi hadi kikao kijacho na kuniagiza niandae makadirio ya gharama kwa mikondo yote, kazi niliyoianza kwa kuhesabu uji, karatasi na posho, kwa sababu mwenyekiti wa bodi ni mhasibu mstaafu na hoja isiyo na tarakimu haisomi.